Nani anasimama nyuma ya neno?



Mwezi huu nitaongea na vijana zaidi. Lakini wazazi wasifunge masikio, maana mega za telefone zinatoka mu mfuko wao.

Siku hizi ukimuuliza kijana wa masomo, "Hii habari uliitoa wapi?", atakujibu: "Pasta, ilikuwa mu telefone." Unamuuliza tena: "Nani aliiandika?" Ananyamaza. Kwake yeye, telefone ndiyo iliandika. Lakini telefone haiandiki kitu. Telefone ni sawa mfuko. Ukitoa muhogo mu mfuko, hausemi mfuko ndio ulilima. Kuna mtu alilima, na kuna shamba. Pengine shamba ni zuri, pengine muhogo ni ule mchungu wenye kuua, na mfuko hautakuambia tofauti.

Tuchukue neno moja lenye kila mtoto wa Kolwezi, wa Likasi na wa Kipushi analijua: kobalti. Baba anaamka saa kumi ya usiku juu yake. Malori yanaipeleka mpaka mpaka wa Kasumbalesa. Lakini neno lenyewe lilitoka wapi? Mtu mmoja atakuandikia ni neno la Kilatini, mwingine atakuambia ni jina la mzungu mwenye aliigundua. Wote wawili wanaandika bila haya. Ukifungua dikisionere kubwa ya Oxford utapata habari yenye watu walichunguza: neno lilitoka kwa Wajerumani, na ni ndugu ya neno Kobold, maana yake pepo mbaya wa chini ya udongo. Wachimbaji wa zamani katika milima ya Ujerumani walikuwa wanapata mawe yenye kufanana na mawe ya fedha. Wanayayeyusha, fedha haitoki, na moshi wake unawaumiza, juu mawe yale yalikuwa na sumu ya arseniki ndani. Wakasema: ni pepo wa mgodi ametuibia fedha, akatuachia uchafu huu. Ni katika miaka ya 1730 ndipo Msweden mmoja, Georg Brandt, alionyesha ya kama ndani ya mawe yale kuna chuma cha namna yake. Jina la pepo likabaki. Na nikeli vilevile, ni jina la pepo mwingine wa wachimbaji. Shaba yenyewe, kwa Kilatini na kwa lugha nyingi za Ulaya, inaitwa kwa jina la kisiwa cha Kipro, kwao na Barnaba.

Munaona? Neno moja tu, na ndani yake kuna wachimbaji wenzetu waliokohoa moshi miaka mamia mbele yetu. Habari kama hii haikuanguka toka juu. Kuna nyumba yenye ilisimama nyuma yake. Mwezi huu nataka muijue nyumba hiyo.

Nyumba hiyo ni kiwanda cha vitabu cha Iniversite ya Oxford, kule Uingereza. Musifikiri ni duka tu la mtu tajiri. Ni sehemu ya iniversite yenyewe. Haina wenye kununua hisa na kugawana faida. Faida inarudi kwa kazi ya iniversite. Na kuna kamati ya waalimu wakubwa wa iniversite ambao kitabu hakitoki bila wao kukubali. Mtu analeta kazi yake, wanaipeleka kwa wengine wenye kujua jambo hilo, wale wanaisoma na kuandika: hapa ni sawa, hapa umekosa, hapa huna ushuhuda. Mwandishi anarudi kufanya tena. Inaweza kuchukua mwaka, miaka miwili, hata zaidi. Cambridge nao wana nyumba ya namna ile ile, na ya kwao ndiyo nzee zaidi: mfalme Henry wa 8 aliwapa ruhusa mwaka 1534, wakaanza kuchapa kweli mwaka 1584. Oxford walipata haki yao kwa amri ya serikali mwaka 1586.

Kitabu cha kwanza kabisa kuchapwa katika mji wa Oxford kilikuwa ni maelezo ya Imani ya Mitume, ile yenye wengi wenu munaijua kwa kichwa. Kilichapwa mwaka 1478. Lakini mwisho wa kitabu mchapaji aliandika 1468! Herufi moja ya hesabu ya Kiroma, ile X, ilipotea, na miaka kumi ikapotea nayo. Tena waliandika ya kama mwenye kutunga ni Mtakatifu Yeronimo, kumbe ni Rufino wa Akwilea. Kitabu cha kwanza, na makosa mawili makubwa: mwaka si wake, mwandishi si wake.

Na hayakuishia pale. Mwaka 1717 mchapaji John Baskett alichapa Biblia kubwa sana kule Oxford, ya kupendeza macho. Juu ya ukurasa wa Luka sura ya 20, pahali pa kuandika mfano wa shamba la mizabibu, wakachapa mfano wa siki! Kwa Kiingereza maneno yale mawili yanakaribiana. Watu wakaiita Biblia ya Siki mpaka leo.

Juu ya nini ninawaambia makosa yao? Juu vijana wengi wanafikiri kitabu cha kuaminika ni kitabu kisicho na kosa. Hapana. Nyumba ya kuaminika ni ile yenye kosa lake linajulikana, lina tarehe, na kuna mtu mwenye kulijibia. Habari ya telefone yenye haina jina, wala mwaka, wala mlango wa kugonga, ikikosa utamwendea nani?

Sasa tuje kwa ile dikisionere. Mwaka 1857 chama cha wapenzi wa lugha kule London kilisikia hotuba za padri mmoja wa kanisa la Anglikana, Richard Chenevix Trench, mwenye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Dublin. Alisema dikisionere zilizokuwako zina mapungufu mengi, na ya kama kila neno linapaswa kuelezwa tangu kuzaliwa kwake: lilionekana mwaka gani mara ya kwanza, katika kitabu gani, na maana yake iligeuka namna gani. Wakakubali. Mhariri wa kwanza, Herbert Coleridge, alikufa mwaka 1861, na umri wake miaka 30 tu. Kazi ikalala. Mwaka 1879 Oxford wakapatana na mwalimu mmoja wa Scotland, James Murray.

Vijana, mujue mtu huyu. Baba yake alikuwa mshona nguo. Yeye mwenyewe aliacha masomo akiwa na miaka 14, kwa sababu feza hazikuwako. Hakuacha kujifunza. Alijifundisha lugha nyingi yeye mwenyewe, akawa mwalimu wa shule. Walipompa kazi ile, alijenga nyumba ndogo ya mabati katika kiwanja chake. Mabati, sawa zile nyumba zetu za kartye! Ndani akaweka masanduku ya mbao yenye vijumba mamia, na ndani ya vijumba akapanga vikaratasi.

Kazi ilienda hivi. Aliandika tangazo kwa watu wote wenye kusoma Kiingereza: someni vitabu, mukikuta neno, andikeni juu ya kikaratasi, neno lenyewe juu kwa upande wa kushoto, halafu mwaka, mwandishi, jina la kitabu, ukurasa, na sentensi nzima yenye lilikuwa ndani. Kisha mutume. Watu wakatuma. Walimu, wachungaji, wamama wa nyumbani, waaskari. Vikaratasi vilifika mamilioni. Magunia mengine ya zamani alipoyafungua alikuta panya amezalia ndani. Watoto wake, na alikuwa nao 11, walipanga vikaratasi kwa alfabeti ili wapate feza kidogo ya mfuko.

Mmoja wa wenye kutuma mengi alikuwa W. C. Minor, daktari wa jeshi la Marekani. Huyu mwaka 1872, akili yake ikiwa imeharibika, alimpiga mtu risasi katika barabara ya London akamuua. Akafungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, Broadmoor. Kutoka chumba kile alisoma vitabu vyake na kutuma maelfu ya vikaratasi kwa Murray, karibu miaka 20. Mimi sisemi damu ya mtu inalipwa na vikaratasi. Mjane wa yule aliyekufa alibaki na watoto. Lakini kazi ya mikono yake ilikubaliwa kwa kupimwa yenyewe, na ilikuwa kazi safi.

Walikuwa wamefikiri watamaliza kwa miaka kumi. Miaka mitano ikapita wakafikia tu neno la Kiingereza lenye maana ya chungu, yule mdudu mdogo, yaani bado wako mu herufi A. Sehemu ile ilitoka mwaka 1884. Murray akafa mwaka 1915, kazi ikiwa katika herufi T. Ilimalizika mwaka 1928, mabuku 10, maneno zaidi ya 400,000.

Na neno moja lilipotea. Neno la Kiingereza la zamani lenye maana ya mjakazi, lile Biblia yao ya zamani inalitumia kwa Hajiri katika barua ya Wagalatia. Bondmaid. Vikaratasi vyake viliangukia pahali, buku la A na B likatimia mwaka 1888 bila yeye. Murray aliumia sana. Neno likaingizwa tu katika nyongeza ya mwaka 1933, na yeye alikuwa amekwisha kufa. Mtumwa wa kike, hata mu dikisionere akasahauliwa nje ya mlango! Lakini angalieni: alitafutwa, akarudishwa.

Toleo la pili lilitoka mwaka 1989, mabuku 20. Kubeba yote mtu mmoja hawezi. Mwaka 1992 yakaingia yote katika sahani moja ya ordinatere. Na tangu mwezi wa tatu mwaka 2000 yako mu intaneti. Wanayafanyia masahihisho kila miezi mitatu, neno kwa neno. Mwaka 2002 wakafungua tena nyumba nyingine ya intaneti yenye kukusanya dikisionere zao nyingi pahali pamoja: za utabibu, za sheria, za kemia, za Biblia, za historia. Mwaka 2004 wakatoa maisha ya watu wakubwa wa Uingereza, zaidi ya 50,000, kwa karatasi mabuku 60 na kwa intaneti pia. Mwaka 2012 ikatoka ile ya maisha ya Waafrika, mabuku sita.

Sasa mzazi ananiuliza: "Pasta, yote hii ni mzuri, lakini ni bei gani?" Umeuliza vizuri, baba. Hapa nina neno na wazungu wa Oxford. Ile dikisionere kubwa inalipiwa kila mwaka, na bei yake si ya mtu wa mshahara wetu. Kule Uingereza mtu wa kawaida anaifungua bure kwa karta ya bibliyoteki ya mtaa wake, kwa sababu bibliyoteki imekwisha kulipa. Sisi bibliyoteki ya mtaa hatuna. Kwa hiyo mwenye nacho anafunguliwa bure, na mwenye kukosa anaombwa dola. Mimi naona si haki, na sioni haya kuliandika.

Lakini kuna milango, na vijana wengi hawaijui.

Mlango wa kwanza: kwa iniversite, shule kubwa za uuguzi na za utabibu, hospitali za kufundisha na vituo vya utafiti. Kuna mpango unaitwa Research4Life. Ulianza mwaka 2002 na upande wa afya, chini ya shirika la afya la ulimwengu, OMS, kwa jina la Hinari. Baadaye zikaongezeka pande za kilimo, mazingira, ufundi na sheria. Wachapaji wengi wakubwa wako ndani, na Oxford wako ndani. Kongo yetu iko katika kundi la inchi zenye kupata bure. Bure kabisa. Lakini haiandikishwi kwa mtu mmoja mmoja. Ni shule au hospitali yenyewe inajiandikisha, inapewa jina na neno la siri, na mara nyingi ni mtu wa bibliyoteki anayashika. Basi wewe mwanafunzi wa uuguzi, mbele ya kununua mega na kutafuta ovyo ovyo dawa hii inaua nini, nenda kwa mtu wa bibliyoteki, salimia kwa heshima, uliza: "Papa, shule yetu imejiandikisha kwa Research4Life?" Akisema hajui, mwombe aulize. Akisema ndiyo, lakini neno la siri liko mu kabati ya mkubwa na mkubwa amesafiri, rudi kesho. Rudi tena kesho kutwa.

Mlango wa pili: kwa wenye kujifunza Kiingereza, na najua muko wengi juu kampuni za migodi zinakiomba. Oxford wana dikisionere ya wanafunzi mu intaneti, haiombi kulipa. Unaandika neno, unapata maana kwa maneno mepesi, na unasikia sauti namna ya kulitamka. Inafaa kuliko zile karatasi za fotokopi zenye kuuzwa sokoni.

Mlango wa tatu si wa Oxford, lakini siwezi kuupita. Kuna dikisionere ya maisha ya Wakristo wa Afrika, ilianza mwaka 1995, na leo iko chini ya Iniversite ya Boston, Marekani. Iko bure. Simon Kimbangu yumo. Wengi wenye kuandika ndani yake ni wanafunzi wa shule za Biblia na wachungaji wa kwetu Afrika. Yule mzee mwenye alileta Injili kwenu, kama bado hayumo, nani atamwandika?

Muangalie pia milango ya uongo. Kijana akimaliza kazi yake ya masomo, barua inamfikia mu telefone: "Tulisoma kazi yako, ni ya ajabu, tuma dola, tutaichapa kwa siku tatu." Nimewaambia kazi inapimwa kwa miezi na miaka. Mwenye kupima kwa siku tatu hajapima. Anapima mfuko wako. Na zile programu za akili bandia zenye kujibu kila swali kwa maneno matamu, zinaweza kukupa jina la kitabu, jina la mwandishi na mwaka, na kitabu kile hakijachapwa pahali popote duniani. Ukipewa jina la kitabu, kitafute kitabu chenyewe mbele ya kuliandika mu kazi yako.

Sasa nije kwetu. Oxford na Kiswahili si wageni. A. C. Madan, mmisionere wa kule Zanzibar, alitoa kwa Oxford dikisionere ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Juu ya kazi ile ilijengwa ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ya watu wa Dar es Salaam pamoja na Oxford. Hata ile dikisionere yao kubwa ya Kiingereza, mwaka 2022 iliingiza maneno mengi ya Kenya, Tanzania na Uganda: nyama choma imo, na hata kitu kidogo, ile hongo ya barabarani. Wenzetu wa mashariki wanaongea Kiingereza na kukichanganya na Kiswahili chao, ndiyo maana wameonekana. Sisi tunachanganya na Kifaransa, na Kibemba, na Kiluba. Kwa hiyo nyumba ile haitatuona. Haitafuti kwetu.

Lakini maneno yetu yapo, na yanakufa. Wazee wenye walifanya kazi ku Union Minière, na baadaye ku Gécamines, walikuwa na jina kwa kila chombo, kila namna ya jiwe, kila saa ya zamu, kila chakula cha posho ya kampuni. Wajukuu wao hawayajui. Mwaka 1965, katika mji wetu wenye uliitwa bado Élisabethville, wafanyakazi wa nyumbani mwa wazungu waliandika historia ya mji kwa Kiswahili chao wenyewe, pamoja na André Yav. Hawakungoja profesa. Leo kazi ile watu wa iniversite za ng'ambo wanaisoma, na iko mu intaneti bure.

Basi vijana, chukueni karatasi, muikate vipande vinne. Kipande kimoja, neno moja. Juu kwa upande wa kushoto andika neno. Chini yake sentensi nzima sawa vile mzee aliisema, usiitengeneze iwe Kiswahili cha kanisani. Halafu maana, kazi gani aliifanya, mgodi gani, na mwaka gani alianza kulisikia. Jina la mzee, kama anakubali, na jina lako mwenye kuandika. Mukifikisha vipande ishirini, fungeni na kamba mumpe mchungaji wa kwenu, avitume pamoja na barua za gazeti. Anzeni na wazee wa zaidi ya miaka sabini.